Jinsi ya kuchagua gitaa kavu dogo la kupigia bluzi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wengi wetu tukienda kutafuta gitaa tunafanya kitu kimoja, tunalipakata, tunapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) moja kubwa ya E kwa nguvu, sauti inavuma na kukaa hewani muda mrefu, tunatabasamu, tunalipa. Hata mimi la kwanza nililichagua hivyo, dredinoti, lile umbo la gitaa lenye boksi kubwa na besi nzito, na lilikuwa gitaa zuri kabisa. Ila nilipoanza kujifunza bluzi ya vidole, gumba linatembea kwenye nyuzi nene na vidole viwili vinaimba juu, kila kitu kikawa uji, besi ya pigo la kwanza haijamaliza kulia la pili limeshaingia, melodi imezama humo ndani huisikii. Nikadhani tatizo ni mkono wangu. Siku niliyopiga kitu kilekile kwenye gitaa dogo la rafiki yangu nikasikia kila pigo la gumba limesimama peke yake kama hatua za mtu anayetembea kwenye sakafu ya mbao, ndo nikaelewa.

Kwa hiyo kabla ya vipimo na majina shika hili: bluzi ya vidole inataka sauti inayotoka haraka na kufa mapema. Duka zima litakuuzia sauti inayokaa, wewe unatafuta inayokata. Karibu kila kitu ntakachosema hapa chini kinarudi hapo.

Hatua ya 1: jua gumba lako linafanya nini

Kuna gumba la kurukaruka, linaenda uzi wa sita (ule mnene kuliko wote), wa nne, wa tano, wa nne, kama wapiga bluzi wa zamani Mississippi John Hurt au Blind Blake, na kuna gumba la kugonga noti moja tu duu duu duu kwenye besi huku viganja vikizima uzi, hilo ndo Big Bill Broonzy alilitumia sana. La kurukaruka linahitaji nyuzi zenye nafasi na besi safi isiyofunika wenzake, la kugonga linahitaji gitaa linalojibu kama ngoma, ukiligusa tu limeshasema. Halafu kuna watu wa slaidi, wanaoteleza chupa au bomba juu ya nyuzi badala ya kuzibana, hao wana sehemu yao chini kwa sababu mahitaji yao karibu yanapingana na ya wengine. Kama unaanza na hujui utaangukia wapi, chagua kwa ajili ya gumba la kurukaruka, maana gitaa linaloweza hilo la kugonga nalo litaliweza.

Na nisikudanganye, udogo sio sheria. Reverend Gary Davis alipiga Gibson J-200, gitaa kubwa mno, na vidole vyake viwili tu vilitosha kulitawala. Ila kwa mtu wa kawaida anayekaa kwenye kiti nyumbani na kupiga kwa vidole vitupu bila kucha za plastiki, gitaa dogo linaamka kwa nguvu kidogo, kubwa linataka usukume.

Hatua ya 2: ukubwa

Kampuni ya Martin imetupa lugha ambayo karibu kila mtengenezaji anaitumia, 0, 00 na 000. Pima sehemu pana kuliko zote ya tumbo la chini. 0 ni kama sentimita 34, 00 kama 36, 000 kama 38, na dredinoti inakaribia 40. Utasema tofauti ya sentimita mbili ni nini bwana, lakini kumbuka na kina nacho kinapungua, dredinoti kule mkiani ina zaidi ya sentimita 12 wakati 000 ina kama 10 na nusu, na hewa iliyomo ndani ndo inayoleta ule uvumi wa chini. Gibson L-00, gitaa lililoanza miaka ya mwanzo ya 1930 na ambalo watu wa bluzi wanalitaja kila siku, lina tumbo la sentimita 37 na nusu hivi, yaani liko katikati ya 00 na 000.

Kwangu mimi 00 na L-00 ndo katikati ya shabaha. 000 ni nzuri kama unapiga pia nyimbo za kuimba kwa kodi na hutaki magitaa mawili. 0 ina sauti ya karibu, tamu, kavu, inafaa sana kwa chumbani. Chini ya 0, yale magitaa ya palo kama wanavyoyaita, kuwa makini. Mengine yana nyuzi fupi sana, na bluzi inashusha uzi wa sita kwenda D mara kwa mara, uzi ukiwa mfupi na umeshushwa unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, unapiga unasikia ubao tu. Kama umelipenda dogo la namna hiyo, lishushe hadi D palepale dukani usikilize kabla hujaamua.

Hatua ya 3: freti 12 au 14, na urefu wa uzi

Angalia boksi linakutana na shingo kwenye freti ya ngapi, freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Zamani ilikuwa ya 12, halafu Martin walipotoa gitaa lao la OM mwaka 1929 ile ya 14 ikaanza kuenea mpaka leo ndo kawaida. Hili halihusu tu kufika juu. Shingo ikiingia kwenye freti ya 12, daraja, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya uso, linarudi nyuma na kukaa karibu na katikati ya tumbo pale ambapo uso wa gitaa una uhuru zaidi wa kutikisika, kwa hiyo sauti inakuwa nene na ya joto hata kama boksi ni dogo. Ya 14 inakuwa na ukali kidogo, inakata zaidi. Bluzi nyingi haiendi juu sana, ukiwa na freti 12 huumii, isipokuwa ukipiga slaidi kwenye tyuning ya wazi, yaani nyuzi bila kubanwa zinatoa kodi kamili, maana pale kwenye freti ya 12 ndo nyumbani na utataka kupita kidogo, boksi linakuzuia mkono.

Urefu wa uzi ni kutoka nati, kile kipande cha mfupa pale kichwa kinapoanzia, mpaka sadeli, kile kipande cheupe kilichosimama kwenye daraja. Magitaa mengi madogo yana milimita 628 hadi 632, OM na dredinoti zina 645. Uzi mfupi unakuwa mlegevu kidogo kwa noti ileile, na kwenye bluzi unavuta uzi kila dakika, ile noti ya tatu ya kodi unaisukuma kidogo tu, kama robo ya toni, iwe chungu. Kama vidole vyako havijakomaa chukua fupi, utanishukuru usiku wa kwanza.

Hatua ya 4: nafasi ya vidole

Kila mtu anauliza upana wa nati. 43 mm ni nyembamba, 44.5 mm ndo kipimo cha watu wa vidole siku hizi, na 47 na kitu utakuta kwenye ya freti 12 ya mtindo wa zamani. Sawa, ni muhimu, hasa kama unazungusha gumba la kushoto juu ya shingo kubana uzi wa sita, kitu cha kawaida sana kwenye bluzi, na hapo shingo pana sana inakuwa mateso kwa mwenye mkono mdogo.

Lakini mkono unaopiga unaishi upande mwingine kabisa, kule kwenye daraja, na huko watu hawapimi. Chukua rula, pima kutoka katikati ya uzi wa sita hadi katikati ya uzi wa kwanza palepale darajani. Chini ya 54 mm vidole vinagongana, 55 hadi 57 hivi mikono mingi inapumua, 58 kama una vidole vinene au unapiga kwa nguvu. Nimeona watu wanarudisha gitaa wakilaumu nati wakati shida ilikuwa hapa.

Hatua ya 5: mbao na fito za ndani

Hapa kuna maneno mengi, mimi ntachukua machache. Uso wa gitaa ndo unaoimba, kwa hiyo hela yako ielekee uso wa mbao kamili, sio mbao za kubandikwa tabaka. Utajuaje, chungulia ukingo wa tundu la sauti, mistari ya mbao inayoonekana juu inatakiwa ishuke na kuendelea kwenye ule unene wa ukingo. Ukiona tabaka kama za sandwichi basi ni plaiwudi. Mgongo na mbavu vikiwa plaiwudi sio mwisho wa dunia.

Sprusi inatoa sauti kali ya mbele, inavumilia kupigwa kwa nguvu. Mahogani juu mpaka chini, kama Martin 00-15M, inatoa sauti ya katikati, kavu, noti inaanza na kuisha bila mkia mrefu, na kwa bluzi hiyo ni zawadi. Rosiwudi mgongoni inaongeza kina na mwangwi, nzuri sana kwa muziki mwingine, kwa bluzi mara nyingi inakurudishia ule uji niliosema mwanzo. (Ukikuta gitaa la zamani lenye rosiwudi ya Brazil, jua kwamba tangu 1992 mti huo uko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo kulivusha mpaka bila vibali ni kujitafutia matatizo.)

Sasa fito. Ndani chini ya uso kuna vijiti vinavyoshikilia ubao usizame. Magitaa mengi ya leo vijiti vikubwa vinapishana kama herufi X, sauti inakaa, besi inajaa. Mtindo mwingine ni wa ngazi, vijiti vimelala sambamba kukatiza upana kama ngazi ya kupandia, ulikuwa rahisi kutengeneza, ndo maana magitaa ya bei ya chini ya Marekani ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia yalijengwa hivyo, Stella za Oscar Schmidt wa Jersey City, Kalamazoo ambazo Gibson walizitoa miaka ya 1930 kwa watu wasio na hela ya kununua Gibson yenyewe. Na watu wa bluzi ndo walikuwa hao wasio na hela. Kwa hiyo ile sauti tunayoipenda kwenye rekodi za zamani, ya kubweka, ya haraka, inayokata, kwa sehemu kubwa ni sauti ya fito za ngazi. Hii inanigusa kila nikifikiria, kwamba kitu kilichofanywa kupunguza gharama kikawa sauti ya muziki mzima.

Ukitaka sauti hiyo leo bila magonjwa ya uzee, Collings kule Texas wanatengeneza kwa jina la Waterloo magitaa yaliyofuata mfano wa Kalamazoo, unaweza kupata la ngazi au la X. Kuna na watengenezaji wengine wa bei nafuu, tafuta tu neno fito za ngazi kwenye maelezo ya gitaa, au ingiza simu kwenye tundu upige picha uone mwenyewe. Onyo moja, uso wa fito za ngazi hauvumilii nyuzi nene vizuri kama X, ukilifunga seti nzito utaona tumbo linavimba nyuma ya daraja na kuzama mbele yake.

Hatua ya 6: namna ya kulisikiliza

Hapa ndo usiharakishe. Omba kiti kisicho na mikono, tyuni gitaa mwenyewe, kaa kona mbali na kelele.

Anza na gumba peke yake. Piga uzi wa sita ukiwa wazi kwa nguvu ya kawaida, sikiliza mwanzo wa noti, inakuja palepale au inavimba taratibu? Halafu weka ubavu wa kiganja kwenye daraja uuzime kidogo, gonga duu duu duu kwenye E mapigo manne manne kwa dakika nzima. Gitaa la bluzi hapo linageuka ngoma, unasikia noti na pigo kwa pamoja. Likitoa mlio wa boksi la karatasi bila noti, achana nalo. Kisha gumba liendelee, juu yake ongeza noti moja moja kwenye uzi wa kwanza na wa pili, taratibu kabisa. Swali ni moja, je noti ya juu inasikika bila wewe kuongeza nguvu? Kama inabidi uchune uzi ndo isikike juu ya besi, gitaa hilo besi imelizidi.

Piga noti kila freti kwenye uzi wa tatu kuanzia ya kwanza hadi ya 12. Utakuta freti moja imekufa au moja inapayuka kuliko wenzake, kila gitaa lina kidogo, ila isiwe kwenye noti unayoishi nayo. Halafu piga polepole mpaka karibu usisikike, kisha piga kwa nguvu yako yote. Gitaa dogo linafika mahali sauti haiongezeki tena, inajikunja na kuwa ya kukwaruza. Hiyo ya kukwaruza kwenye bluzi inaweza kuwa tamu sana, hasa ukiimba juu yake, lakini uifikie ukitaka wewe, sio kila ukigusa uzi.

Mwisho mpe mtu mwingine alipige wewe usimame hatua nne mbele. Mengi madogo yanasikika finyu ukiwa nyuma yake na mbele yanatoka vizuri ajabu.

Hatua ya 7: ukaguzi, mpya au la zamani

Beba rula ya chuma ndefu, rula ndogo ya milimita, na simu yenye taa. Kama ni gitaa lililokwisha kutumika usione aibu kukagua mbele ya mwenyewe.

Shingo kwanza. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na boksi, angalia freti ya 6 au ya 7, kati ya uzi na freti pawe na upenyo mdogo sana, kama 0.2 hadi 0.3 mm. Upenyo mkubwa maana yake shingo imejikunja mbele, mara nyingi chuma cha ndani ya shingo kinarekebisha. Lakini Stella na Kalamazoo nyingi za zamani hazina chuma cha kurekebisha, shingo ikipinda pale ni kazi ya fundi na ni gharama.

Halafu pembe ya shingo, hii ndo inayoua watu. Laza rula ndefu juu ya freti, katikati, isukume mpaka ifike darajani. Ncha yake inatakiwa iguse juu ya ubao wa daraja au ipite juu yake kidogo. Ikigonga chini, kwenye uso wa mbele wa daraja, shingo imeinuka, na dawa yake ni kuing'oa na kuipachika upya. Kwenye gitaa la zamani lenye thamani inafaa, kwenye la bei ya chini inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12. Kwa vidole, uzi wa sita 2.3 hadi 2.6 mm, uzi wa kwanza 1.7 hadi 2. Ukikuta 3.5, usikubali maneno ya itashushwa tu, piga hesabu. Kushusha milimita moja pale freti ya 12 lazima ukwangue milimita mbili kwenye sadeli, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya uzi. Kama sadeli imetokeza milimita mbili tu juu ya daraja, hakuna cha kukwangua, mtu anakuuzia tatizo la pembe ya shingo.

Taa ndani ya tundu sasa. Tafuta fito zilizoachia gundi, bonyeza uso wa gitaa kwa upole usikie kama kuna mlio wa tik. Ufa uliokwisha kuzibwa vizuri na kuwekewa viraka kwa ndani haunitishi, unashusha bei na sauti inabaki. Daraja linaloanza kunyanyuka nyuma, pitisha ncha ya karatasi chini yake, ikiingia ni kazi. Freti zilizochimbika chini ya nyuzi nyembamba, kazi ndogo. Funguo za kukazia nyuzi zinazoteleza, kazi ndogo zaidi, zinabadilishwa.

Kama ni slaidi

Badili mawazo. Nyuzi ziwe juu, 3 mm kwenye freti ya 12 sio mbaya, maana chupa au bomba la shaba likigusa freti linakwaruza. Seti iwe nene, 13 (unene wa uzi wa kwanza kwa elfu za inchi) kwa gitaa la fito za X, na ukishusha kwenda G ya wazi (D G D G B D) au D ya wazi (D A D F# A D) mvuto unapungua kwa hiyo gitaa linavumilia. Gitaa ambalo wengine wamelikataa kwa sababu nyuzi ziko juu linaweza kuwa lako kwa bei nzuri, mradi shingo haiendelei kusogea. Magitaa ya chuma ya National, yaliyoanza 1927 na ambayo mpiga slaidi Son House aliyapiga mpaka uzeeni, ni dunia nyingine yenye mwongozo wake.

Ukishalipata

Funga nyuzi mpya siku hiyohiyo, seti ya 12 kwa X, ya 11 kwa ngazi. Fosfa-bronzi kama unataka mng'ao, nikeli au moneli kama unataka ile sauti ya zamani isiyo na kung'aa, mimi ninatumia nikeli na sijarudi nyuma. Lipeleke kwa fundi akague mifereji ya nati, maana gitaa jipya likiuma vidole kwenye freti za mwanzo mara nyingi mifereji haijachimbwa ya kutosha, kazi ya dakika chache tu. Unyevu wa chumba uwe kati ya asilimia 45 na 55, mbao nyembamba za gitaa dogo zinapasuka haraka kuliko unavyofikiri. Na katika zile siku ambazo muuzaji anakuruhusu kurudisha, usipige nyimbo unazozijua vizuri tu, piga lile duu duu duu la gumba nusu saa kila jioni, na kama jioni ya tano bado unasikia kila pigo limesimama peke yake, tupa risiti.